Dodoma ipande miti yake ya asili

Mhariri,

Naandika kuhusu kampeni za kupanda miti jijini Dodoma, ambazo zinastahili pongezi, lakini mara nyingi hutuletea miche ya mapambo yenye asili ya mbali, inayonyauka mara tu umwagiliaji unapokoma. Dodoma hupata takribani milimita 570 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na mimea iliyozoea hali hiyo tunayo tayari: mbuyu huhifadhi maji katika shina lake, na mgunga huzamisha mizizi mbali ardhini.

Watu wa Kondoa wanatutia moyo. Vilima vya Irangi vilikuwa vimejaa makorongo hadi mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulipoanza mwaka 1973. Mwaka 1979 mifugo ikaondolewa, jambo lililoziumiza familia nyingi (nasi tusilisahau), na uoto wa asili ukarudi. Leo wakulima wa Ugogo hutumia njia ya kisiki hai: kisiki kinapochipua, huchagua machipukizi machache yaliyonyooka, hupogoa mengine, kisha hufunga kitambaa ili mchungaji ajue kwamba mti huo unatunzwa. Hakuna mche wa kununua wala ndoo ya kubeba.

Naiomba Halmashauri ya Jiji ioteshe mibuyu, mikwaju na migunga katika vitalu vyake kwa ajili ya shule na barabara, na kabla ya kiwanja kipya kusafishwa, iwatake wajenzi wabakize visiki hai na miti mikubwa iliyopo.

Msomaji,
Dodoma