Fundi, kabla hujafuta niandikie hiyo namba

Mhariri,

Naomba nafasi niongee na mafundi wa magari na sisi wenye magari, maana hii tabia hapa Dar imeshazoeleka mno. Unapeleka gari gereji taa ya injini imewaka, fundi anachomeka mashine, anabonyeza bonyeza, taa inazima, anakwambia "bosi hii sensa, andaa laki na nusu", yaani kifaa cha kupimia cha gari kimekufa. Ukiuliza mashine imesoma nini anakujibu si nimeshakwambia sensa. Namba ya kosa iliyokuwa kwenye kompyuta ya gari keshaifuta. Wiki haijaisha taa hiyo imerudi, unaenda kwa fundi mwingine mnaanza moja, na hela ya kupima unatoa tena.

Wengi hawajui kwamba akifuta namba anafuta na kumbukumbu iliyokaa nayo. Kompyuta ya gari ikiwasha ile taa inatunza hali ilivyokuwa muda ule, spidi, mizunguko ya injini, joto la maji, na fundi makini anaanzia hapo hapo kabla hajashika spana.

Na hizo namba wala siyo siri ya kiwandani. Marekani walilazimisha magari kuanzia ya mwaka 1996 yawe na soketi ya aina moja ya pini 16 na namba zinazofanana, Ulaya wakafuata 2001 kwa magari ya petroli, ndo maana leo kuna vile vidude vya ELM327 vya blututhi ambavyo bei yake haifiki nusu tanki la mafuta, unachomeka chini ya dashibodi upande wa dereva unasoma kwenye simu yako mwenyewe. P0301 ni silinda ya kwanza inamisi, yaani haichomi mafuta vizuri, P0302 ya pili, P0420 masega ya ekzosi hayasafishi moshi inavyotakiwa.

Ila namba haikwambii ununue nini, na hapo ndo tunapigwa. Jirani yangu Vitz yake ilisoma P0171, yaani hewa nyingi mafuta kidogo, akaambiwa sensa ya oksijeni imekufa, akanunua, taa ikarudi. Tukachomeka kidude tukaangalia gari likiwa linanguruma tu sailensi, yaani bila kukanyaga mafuta, kompyuta inaongeza mafuta zaidi ya asilimia 20, ukikanyaga mpaka mizunguko 2,500 kwa dakika inashuka karibu na kawaida. Sasa hapo ni hewa inaingia pasipopimwa, sababu kwenye sailensi injini inavuta hewa kidogo kwahiyo hata tundu dogo linaharibu hesabu, ukikanyaga halionekani sana. Kufungua boneti, kampira ka hewa nyuma ya manifodi, lile bomba linalogawa hewa kwenye injini, kamepasuka! Ile sensa iliyotupwa ilikuwa nzima, kazi yake ilikuwa inaifanya vizuri tu.

Sisemi kidude kinamaliza yote. Vingi vya bei rahisi vinasoma injini tu, eabegi na breki za ABS havigusi, na baadhi ya Toyota za zamani za soko la Japani haziongei navyo kabisa. Mwenye iPhone aulize kabla hajalipa, vile vya blututhi ya kawaida havikubali. Na ukimaliza chomoa, kile kinakula umeme wa betri hata gari likiwa limezimwa. Taa ikiwa inapepesa wakati unaendesha, hapo achana na simu, punguza mwendo ukapaki, maana injini inamisi vibaya na petroli isiyoungua inaenda kuunguza masega, na masega siyo hela ndogo.

Mnaonunua gari mkononi nanyi chomekeni. Muuzaji akifuta taa asubuhi, dashibodi itakuwa safi kabisa ukienda kukagua, lakini kwenye simu utaona vipimo vya ndani vimeandikwa havijakamilika, kwasababu kompyuta inahitaji gari litembee kwanza ndo ijipime upya. Ukikuta vingi hivyo, muulize dalali hili gari limefutwa lini.

Kwa mafundi, hela ya kupima tutatoa, hiyo haina ugomvi, kazi ni kazi. Tunachoomba ni kipande cha karatasi chenye namba zote zilizosomwa na tarehe, kabla hamjabonyeza kufuta. Na kama umeamua ni sensa, nionyeshe ulivyoipima.

Msomaji wako,
Tabata, Dar es Salaam