Nyasi za Talanta zitalipiwa na nani?

Mhariri,

Mjadala kuhusu AFCON 2027, Kombe la Mataifa ya Afrika, umeng'ang'ania swali moja tu: je, Uwanja wa Talanta unaojengwa Nairobi utakamilika kwa wakati? Hofu hiyo ina msingi, kwani Kenya ilishapokonywa uenyeji wa AFCON ya 1996 na wa CHAN ya 2018, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani. Lakini mechi zikiisha, uwanja utabaki na bili zake.

Ujenzi unagharamiwa kwa hatifungani (mkopo unaotolewa na wawekezaji) ya Sh44.79 bilioni ya miaka 15, iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2025 kwa riba ya takriban asilimia 15. Kwa kiwango hicho, riba ya mwaka wa kwanza pekee inakaribia Sh6.7 bilioni. Malipo yanategemea Mfuko wa Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii, ule ule ambao timu za taifa huusubiri kwa tiketi za ndege na marupurupu.

Hapo bado hatujafika kwenye matunzo. Uwanja wa kuchezea wa mita 105 kwa 68 ni mita za mraba 7,140 za nyasi za kumwagiliwa, kuwekwa mbolea, kukatwa mara kadhaa kwa wiki na kutobolewa udongo ili mizizi ipate hewa. Paa linalomkinga shabiki huzinyima nyasi jua, na upande wa kivuli ndio hudhoofika kwanza. Dawa yake ni taa za kukuzia nyasi, nazo hula umeme. Ukikodisha uwanja kwa tamasha au mkutano wa siasa (na wanasiasa wetu hawatakosa kuuomba), udongo hushindiliwa, maji hayapenyi, na mvua ya Aprili hugeuza eneo la goli kuwa tope. Vibao vya kufunikia nyasi husaidia, ila vikiachwa siku kadhaa nyasi hugeuka manjano. Kuna pia jenereta, ambazo lazima ziwashwe mara kwa mara hata pasipo mechi, mageti ya kielektroniki, kamera, lifti na bima.

Tujifunze kwa Cape Town, Afrika Kusini: ilijenga uwanja wa Green Point kwa Kombe la Dunia la 2010, kwa takriban randi bilioni 4.5. Oktoba 2010, miezi mitatu tu baada ya fainali ya Kombe la Dunia, muungano wa kampuni uliotarajiwa kuuendesha, wakiwemo waendeshaji wa Stade de France, uwanja mkuu wa Ufaransa, ulijiondoa kwa kuona hasara mbele. Timu ya raga ya Western Province ilihamia hapo mwaka 2021. Kufikia hapo, jiji lilikuwa limefidia pengo la mapato kwa zaidi ya muongo.

Nairobi tayari ina Kasarani na Nyayo. Viti 60,000 vya Talanta vitagombania mechi zile zile. Wizara ichapishe sasa bajeti ya matunzo ya kila mwaka, na itie saini na wapangaji wa kudumu, Gor Mahia na AFC Leopards wakiwa wa kwanza. Wasitozwe ada moja kwa kila mechi, bali asilimia ya mapato ya mlangoni. Ada isiyobadilika ndiyo huzifukuza klabu kwenda viwanja vidogo pale mashabiki wanapokuwa wachache.

Mdau wa michezo,
Nairobi