Sifa ya nyumba za mbao za Uingereza si rangi nyeusi

Mhariri,

Makala yenu kuhusu nyumba za kale za vijijini Uingereza ilisifu mno boriti nyeusi juu ya kuta nyeupe, ilhali katika nyumba nyingi weusi huo ni urembo ulioenea karne ya 19. Kabla ya hapo mwaloni mara nyingi uliachwa ugeuke kijivu wenyewe.

Aliyestahili sifa ni seremala. Nyumba ya Bayleaf, ya karne ya 15, iliondolewa Chiddingstone, Kent, kupisha bwawa la Bough Beech, ikasimamishwa upya Singleton, Sussex. Iliwezekana kwa sababu fremu yake imeungwa kwa ndimi na matundu, yaani ncha ya mti mmoja huingia tundu la mwingine, na kukazwa kwa vigingi vya mti badala ya misumari. Maseremala wa zama hizo waliziunga mbao chini kwanza, wakachonga alama kwenye viungo, kisha wakazifungua na kuzisimamisha. Mwaloni ulichongwa ukiwa mbichi, hivyo upogo unaoonekana leo mara nyingi ni wa mbao kukauka, wala si dalili ya kuanguka. Katikati ya boriti zilisukwa fito na kukandikwa udongo wenye nyasi na samadi, kazi ambayo mkandikaji yeyote wa Pwani angeitambua.

Adui mkubwa wa nyumba hizi, ambaye makala haikumgusa kabisa, ni saruji. Plasta yake hufungia unyevu ukutani, na mbao zilizodumu miaka 500 zikaoza ndani kwa ndani, wakati chokaa huuacha unyevu utoke.

Msomaji wenu,
Tanga