Barua kwa mdogo wangu: msiikimbilie mechi ya raga ya 15 kwa 15

Mdogo wangu mpendwa,

Wape wazee shikamoo zangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, hasa pale unaposema wanafunzi 34 wamejiandikisha kwenye timu mpya ya raga na mwalimu mkuu anataka mcheze mechi ya 15 kwa 15 kabla muhula haujaisha. Furaha yako naielewa, na mimi nafurahi pamoja nawe. Lakini mechi hiyo iahirishe.

Majina 34 daftarini si wachezaji 34 uwanjani. Toa wenye mitihani, wagonjwa, walioumia na wale waliokuja kwa kumfuata rafiki. Siku ya mechi utabaki na 20 hivi. Katika hao unahitaji sita waliofundishwa safu ya mbele ya skramu, ule msukumano wa timu mbili zilizoshikana mabega kugombea mpira: propu wawili wa pembeni na huka mmoja wa katikati, na wa akiba kwa kila nafasi. Timu changa hukwama hapo. Winga mwenye mbio atakufaa baada ya wiki chache, lakini propu hutengenezwa polepole kwa sababu nguvu za shingo na mgongo haziharakishwi. Ukimchukua kijana yeyote mwenye mwili ukamsukuma safu ya mbele kujaza pengo, unaiweka shingo yake hatarini. Ni kweli, asiyekuwa na safu ya mbele iliyofunzwa, refa ataamuru skramu zisizo za kusukumana, lakini timu inayozitegemea kila mechi haitajifunza skramu kamwe.

Kwa hiyo anzeni na wachezaji saba kila upande. Kila kipindi ni dakika 7, kikosi kina watu wasiozidi 12, na skramu ni watatu kwa watatu. Kwa idadi yako unapata vikosi viwili, na kila kijana anagusa mpira mara nyingi zaidi kuliko ambavyo angeugusa akiwa amesimama pembeni mwa mechi ya 15. Muhula unaofuata ingieni kwenye wachezaji 10, ambapo skramu ni ya watano. Mechi ya 15 ije mwaka wa pili, na hapo mkumbuke kanuni za walio chini ya miaka 19: kila kipindi ni dakika 35, na hakuna upande unaoruhusiwa kusukuma skramu zaidi ya mita 1.5.

Sasa kukaba, yaani kumkamata mwenye mpira na kumwangusha, maana hapa ndipo ningetaka uweke nusu ya akili yako. Wiki ya kwanza wote wawe magotini, mwenye mpira na mkabaji, umbali wa mkono mmoja. Wiki ya pili mkabaji abaki kwenye goti moja na mwenye mpira atembee. Baadaye wote watembee, kisha mbio za nusu, kisha mbio kamili ndani ya njia yenye upana wa mita 3. Usimpandishe kijana hatua mpaka amekaba vizuri mara kumi kwa bega la kulia na kumi kwa bega la kushoto. Bega la kushoto wengi hulikwepa, na mechi hailikwepi.

Angalia mguu kabla ya kichwa. Kosa unaloliona ni kichwa kuinama au kukaa mbele ya mapaja ya mwenye mpira, goti likampiga usoni. Chanzo chake huwa ni mguu uliobaki mbali: kijana anajirusha kutoka hatua mbili nyuma, na akiwa hewani hawezi tena kuchagua kichwa kiende wapi. Mguu ukikanyaga karibu na miguu ya mwenye mpira, bega la upande huohuo hugusa lenyewe, macho hubaki wazi, kidevu hakigusi kifua, na shavu hulala nyuma ya paja au kando ya kiuno. Halafu mikono ifunge na miguu iendelee kutembea. Wafundishe pia kuanguka: kidevu kifuani, mpira umekumbatiwa, mkono usinyooshwe kuzuia ardhi, kwani hapo ndipo kiwiko na mfupa wa bega huumia.

Kwa skramu tumia ngazi zilezile: mmoja kwa mmoja, watatu kwa watatu, ndipo watano. Mabega yasishuke chini ya nyonga hata mara moja. Yakishuka, piga kipenga muanze upya, hata mkianza upya mara nane.

Mazoezi matatu kwa wiki yanatosha, dakika 75 kila moja, na kugongana kusizidi dakika 20 katika mawili kati ya hayo. Dakika 20 za mwanzo tumia mpango wa kupasha mwili uitwao Activate wa World Rugby, shirikisho la raga duniani, unaopatikana bure mtandaoni. Ni mazoezi ya mizani, shingo, nyonga na kutua, na umepunguza majeraha kwa wanafunzi wanaoufanya mara tatu kwa wiki. Wapange wanaokabana kwa ukubwa wa mwili, si kwa darasa.

Vifaa havihitaji maneno mengi. Mipira namba 5, mmoja kwa vijana watatu, ijazwe kati ya psi 9.5 na 10. Ukizidisha, hurukaruka mikononi na utawalaumu watoto bure. Koni 40, mabegi sita ya kukabia, na kinga ya meno kwa kila kijana. Kofia laini ya kichwa huzuia michubuko tu. Haizuii mtikisiko wa ubongo, na avaaye asidanganyike.

Kuhusu mtikisiko huo nakuomba usilegeze hata kidogo. Kijana akisitasita kuinuka, akishika kichwa, akisahau matokeo au akitazama bila kuona, atoke na asirudi siku hiyo. Usimuulize kama yuko sawa, maana atasema yuko sawa. Asicheze tena kabla ya siku 21, na daktari amruhusu kwanza. Uamuzi wa kumtoa mpe mwalimu mwingine asiye kocha, kwa kuwa kocha anayefukuzia mguso (bao la raga) wa mwisho hana macho mazuri ya daktari.

Jambo la mwisho ni wanaomaliza shule. Timu mpya huegemea wakubwa, nao huondoka wote kwa mkupuo, mwaka unaofuata ukaanza upya na watoto watupu. Nusu ya kikosi chako itoke madarasa mawili ya chini, na kila propu wa darasa la mwisho awe na mdogo anayemfundisha nafasi yake tangu muhula wa kwanza.

Nitumie majina ya sita unaowaona wanafaa safu ya mbele, pamoja na umri, uzito na urefu wa kila mmoja. Nikiyapata nitakuandikia mazoezi ya shingo ya wiki nane, moja moja.

Wasalaam,
Kaka yako