Klabu ya mbwa ipimwe kwa kuachia, si kwa kuuma

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nizungumzie klabu za kufundisha mbwa ambazo vijana wa hapa Mtwara mjini wameanza kuziunda. Nimelinda maghala ya korosho kwa mbwa hadi nikastaafu, kwa hiyo habari hii imenifurahisha. Kinachonikera ni video wanazorushiana kwenye simu: mbwa kang'ang'ania mkono wa gunia, ile kinga anayovaa mtu mkononi ili mbwa aiume, watu wanashangilia, basi. Mimi ningependa kuona mbwa anayeambiwa "achia" akaachia.

Wanasema wanafuata mchezo wa Wajerumani, IGP, ambao zamani ukiitwa Schutzhund. Sawa, waufuate wote. Una sehemu tatu: kufuata nyayo kwa kunusa, utii na ulinzi, na kila moja ina alama 100. Kwenye ulinzi, mbwa akigoma kuachia hata baada ya kuongezewa amri mara mbili, anatolewa, awe ameuma vizuri namna gani. Tena haingii daraja la kwanza kabla hajafaulu mtihani wa adabu, ambao sehemu yake hufanyika barabarani: baiskeli inapita, mtu anakimbia, mwenye mbwa anamfunga kisha anaondoka. Mbwa atulie tu.

Mtihani huo wa barabarani ndio unaotuhusu zaidi watu wa pwani. Wengi wetu ni Waislamu, mate ya mbwa kwetu ni najisi, na mtu aliyekwisha kutawadha hataki pua ya mbwa isogelee kanzu yake. Mimi mwenyewe ni Mwislamu, na mbwa wa ulinzi nimewafuga bila kugombana na jirani. Mbwa wa klabu nzuri hupishana na watu wanaokwenda kuswali akiwa kwenye kamba fupi, na wala hawageukii. Klabu ikishindwa hilo, majirani watakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, na watakuwa na haki.

Mahali fulani nilipoalikwa, mwalimu alishika kamba mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho, wenye mbwa wamekaa chini ya mwembe wanaangalia simu. Ada wamelipa, lakini mbwa akirudi nyumbani anamtii nani? Mwalimu wa kweli humsumbua mwenye mbwa kuliko mbwa. Humwambia, "Umesema 'kaa' mara nne, umemfundisha kusubiri ya nne."

Kunusa nyayo hawa vijana hawakugusi kabisa, na sisi tuna uwanja ambao hata hao Wajerumani wangeutamani. Shamba la mikorosho likishafagiliwa kabla korosho hazijaanza kudondoka, kila unyayo unaonekana kwenye mchanga. Unamtuma mtu apite asubuhi, kwenye kila unyayo anaacha kipande cha dagaa mkavu, halafu unaleta mbwa kwa kamba ndefu. Pua ikiinuka, unaona papo hapo amepotea hatua ipi. Mbwa wa kienyeji, wale mnaowadharau, kazi hii wanaiweza. Ila msiende wakati mikorosho inapuliziwa salfa ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Unga ule unawasha macho na pua, na mbwa anatembea pua chini. Na mwombeni mwenye shamba ruhusa.

Kuhusu afya sitasema mengi: asiye na cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa asiingie uwanjani, hata akiwa mbwa wa mwenyekiti wa klabu. Mtu akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Mazoezi yawe alfajiri au jua likishapoa. Mbwa hapozi mwili kwa jasho kama sisi, anahema, na unyevunyevu wa Desemba hapa Mtwara hata kuhema hakumsaidii sana.

Nimesikia ada inapandishwa eti vifaa ni ghali. Mkono wa mazoezi hufunikwa kwa juti, na gunia la korosho ni juti hiyo hiyo. Mbwa mchanga hahitaji hata huo mkono. Gunia lililochakaa, likakunjwa na kushonwa pande mbili, linamtosha kabisa. Kabla ya kuchangisha, waulizeni wenye maghala.

Mlinzi mstaafu,
Mikindani, Mtwara