Kitimoto na figo: semeni mgonjwa yupi

Mhariri,

Makala za afya magazetini, gazeti lako likiwamo, zikifika kwenye figo humalizia na agizo lilelile: acha kitimoto, yaani nyama ya nguruwe. Mimi ni mke wa mgonjwa hapa Moshi, jiko ni langu, na agizo hilo limetuletea kero nyumbani.

Mgonjwa yupi aache? Mume wangu alipokuwa hajaanza kusafishwa damu, aliambiwa protini isizidi gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito wake. Ana kilo 60, kwa hiyo ni gramu 48 kwa siku nzima, maharage na maziwa humohumo. Gramu 100 za nyama ya nguruwe iliyoiva zina kama gramu 25 za protini. Ile nusu kilo ya baa ikawa imekwenda na maji. Sasa anasafishwa damu Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na hesabu imegeuka: mashine inaondoka na protini, hivyo anatakiwa apate gramu 1 hadi 1.2 kwa kilo. Lakini mawifi zangu, wasomaji wenu wazuri, wakija wanamwondolea sahani mbele yake! Wanamwekea mchicha, ambao nao umejaa potasiamu.

Mimi ninachokiogopa zaidi ni vile vinavyoizunguka nyama. Ndizi za kukaanga, kachumbari ya nyanya, parachichi pembeni: potasiamu tupu, na ikipanda sana moyo unaweza kusimama. Halafu kile kijilima cha chumvi na pilipili ukingoni mwa sinia. Zile chumvi za wenye presha nazo muulize daktari kwanza, nyingi zimetiwa potasiamu. Soseji na bekoni sinunui kabisa. Zimetiwa fosfeti za kiwandani, madini ambayo figo mbovu hushindwa kuyatoa, na mwili huzifyonza karibu zote.

Buchani nachagua steki isiyo na mafuta. Natia limao, kitunguu saumu na tangawizi, chumvi hapana. Ndizi namenya, nakatakata ndogondogo, nachemsha kwa maji mengi, namwaga maji ili potasiamu ipungue, ndipo nakaanga chache. Nyama naiivisha hadi ndani, maana tegu bado wapo. Na Jumapili hatuli tena, ingawa ndiyo siku ya wageni: kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu ni muda mrefu bila mashine, na uchafu unajilimbikiza kwenye damu. Kitimoto yetu ni Jumatano jioni. Wageni wameshazoea, isipokuwa mawifi.

Mhariri, mwandishi wako akirudi kwenye mada hii, aseme anamwandikia nani: anayeanza kuugua au anayesafishwa damu. Ataje gramu, asiishie kwenye jina la mnyama. Na kliniki zinazogawa karatasi moja ya lishe kwa wote hao wawili zichapishe mbili.

Mama wa Majengo,
Moshi