Barua ya Wazi kwa Inspekta Jenerali wa Polisi: Sindano Pekee Isiwe Sababu ya Kumkamata Mtu

Kwa Mheshimiwa Inspekta Jenerali,
Huduma ya Taifa ya Polisi, Kenya.

Mheshimiwa,

Mwaka 2012 Serikali ilitangaza kwamba watu wanaojidunga heroini watapewa sindano safi ili wasiambukizane virusi vya UKIMWI, na Desemba 2014 ikaanza kutoa methadoni, dawa ya kunywa inayochukua nafasi ya heroini, katika Hospitali ya Mathari, kisha Malindi mwaka uliofuata. Hata hivyo, kifungu cha 5 cha Sheria ya Dawa za Kulevya ya mwaka 1994 kingali kinamhesabu kuwa mkosaji yeyote anayepatikana na chombo cha kutumia dawa hizo. Kwa hivyo kijana wa Kisauni anayekabidhiwa sindano na mhudumu wa afya, kwa idhini ya Serikali, anaweza kutiwa pingu na askari wa Serikali hiyo hiyo kabla hajavuka barabara.

Athari ya mgongano huu inaonekana maskani, mahali wanapokutana kujidunga. Anayeogopa kupekuliwa hatembei na sindano yake. Hufika mikono mitupu, na arosto, yaani maumivu ya kukosa dawa, inapomshika hangoji, bali huazima ya mwenzake ambayo ndani yake mmebaki damu. Virusi vya UKIMWI (VVU) vinaweza kuishi ndani ya bomba la sindano kwa wiki kadhaa, na vile vya homa ya ini aina ya C husambaa kwa njia hiyo hiyo. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2012 ulikuta VVU kwa asilimia 18.3 ya waliokuwa wakijidunga, wakati ambapo kwa watu wazima wote nchini kiwango kilikuwa kati ya asilimia 5 na 6. Kwa wanawake waliokuwa wakijidunga kilikuwa asilimia 44.5. Mwanamke wa maskani mara nyingi hudungwa na mwenzi wake baada ya mwenzi huyo kumaliza kujidunga, na wengi hulazimika pia kuuza miili yao ili wapate pesa za kete, yaani kipakiti cha heroini.

Naomba uitazame zaidi sindano iliyokwisha kutumika. Mpango huu hauishii kwenye kugawa. Wahudumu hukusanya sindano chafu ili zikateketezwe, zisije zikachoma watoto vichochoroni au wavuvi ufuoni. Mtu anayeirudisha yake anaufanyia mtaa mzima hisani, lakini ndiye aliye hatarini kuliko wote, kwani amebeba chombo chenye mabaki ya unga, yaani heroini, na askari akimsimamisha ushahidi uko mfukoni. Mwenzake aliyeitupa mtaroni hana la kujibu. Sijui ni raia gani mwenye akili timamu angechagua kuirudisha chini ya utaratibu kama huo, na bado wapo wanaofanya hivyo.

Najua mpango huu ulipingwa huku Pwani, na baadhi ya viongozi wa dini walihofia kwamba kugawa sindano ni kuhalalisha unga. Hofu yao naielewa, maana wamewazika vijana wengi. Lakini anayepokea sindano tayari anajidunga, na mhudumu anayempa mara nyingi ndiye mtu wa kwanza kumtajia kipimo cha VVU, dawa za ARV na kliniki ya methadoni.

Hiyo methadoni nayo hunywewa kliniki kila siku, mbele ya muuguzi. Mgonjwa akikaa mahabusu siku kadhaa mfululizo hawezi kurudishiwa kipimo chake cha awali, bali huanzishwa upya kwa kiasi kidogo. Wengine huachiliwa wakiwa na arosto, wakaenda moja kwa moja kwa muuzaji.

Kubadilisha sheria ni kazi ya Bunge, nami nitawaandikia wabunge kando. Ninaloomba kwako limo ndani ya mamlaka yako: utoe amri kwa vituo vyote kwamba sindano pekee, safi au iliyotumika, isiwe sababu ya kumkamata mtu, kwamba doria zisiwavizie wagonjwa kwenye milango ya kliniki, na kwamba mkuu wa kituo anapomzuilia mtu aliye kwenye methadoni au ARV aijulishe kliniki siku hiyo hiyo, ili dawa imfikie. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, na hakikumtoa aliye mahabusu. Wauzaji wakubwa wanaoshusha shehena Pwani wafuatwe kwa nguvu zote za sheria. Hao hawatembei na sindano mfukoni.

Wako kwa heshima,
Mkazi wa Kisauni, Mombasa